Darubini ya Pili

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Najua utaanza kwa kuuliza kwa nini sikupigii simu. Sikupigii kwa sababu kwenye simu mimi nikikasirika nasema nisichokusudia, na wewe ukikasirika unasema mtandao unakatika. Kwenye karatasi kila mtu anamaliza sentensi yake.

Nina shida na wewe, na safari hii si ile ya "utakuja lini". Hiyo nimeichoka, miaka sita si mchezo. Nataka unitafutie darubini.

Usicheke. Wewe ni fundi saa, kutwa umebana kioo jichoni, na sijui mtu mwingine anayejua vioo kukuzidi. Mimi zahanati nimeachana nayo. Si unajua walinibakiza kwa mkataba baada ya kustaafu, siku tatu kwa wiki? Nimeona basi, mgongo umechoka, vijana waendelee. Miaka thelathini na nane nimezalisha watu. Kwenye zamu, mama akishatulia na mtoto wake, nilikuwa natoka kwenye ngazi za nyuma kuvuta hewa, natazama juu, najiambia siku moja nitajua zile ni nini. Nimepokea maelfu ya watu duniani na dunia yenyewe sijui imekaa wapi.

Nataka kuona milima ya mwezi. Nataka kuona ile sayari yenye pete, Zohali. Na mchana nataka kuona ndege. Kuna chozi wawili wamening'iniza kiota kwenye waya wa kuanikia nguo wa mpangaji wangu, yule mwalimu wa hisabati wa vyumba vya uani. Wadogo kama kidole gumba, nikisogea tu wameruka. Kwa hiyo kiwe kifaa kimoja cha kazi zote mbili. Kisiwe kizito, na kisije na kitabu cha maelezo cha kurasa arobaini.

Dada yako


Tarehe 10 Machi

Shikamoo Dada Mkubwa,

Barua yako imenikuta palepale pangu chini ya ngazi. Nilikuwa nimefungua saa ya ukutani ya mtu wa benki, springi imeruka sijui imeingia wapi, na bado nikacheka peke yangu mpaka muuza viatu wa jirani akaja kuuliza kama nimepata mirathi. Wewe na darubini! Wewe uliyekuwa unanichapa nikikaa juu ya ukuta kutazama ndege!

Imepatikana, tena siku hiyohiyo. Mpya, ndani ya boksi lake, na boksi limechorwa Zohali kubwa kama sinia. Inakuza mara mia tano ishirini na tano. Mia tano, Dada! Mwenye duka ameniambia kwa mara hizo utahesabu mawe ya mwezini moja moja. Ina miguu mitatu, ina kikoba, ina ramani ya nyota.

Usidhani nimekutumia kitu sijakitazama. Jana jioni niliipandisha juu ya paa, nikakaa na mwezi mpaka wifi yako akanifuata kuniambia chakula kimepoa. Kitu safi kabisa. Mzigo unaletwa na basi, kauchukue Jumamosi.

Kuhusu kuja, nakusikia. Mwaka huu kazi zimenibana, lakini nakusikia.

Mdogo wako, Bwana Mishale


Tarehe 21 Machi

Bwana Mishale,

Zohali ipo. Ipo kwenye boksi, hukohuko ilikochorwa.

Kitu ulichonitumia ni plastiki. Miguu yake inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Nikiigusa tu ili niielekeze, mwezi unaruka unakwenda zake, na nikiiacha, inainama yenyewe taratibu mpaka inatazama ndoo ya maji. Jioni tatu nimehangaika nayo. Ya kwanza nikaona giza. Ya pili nikaona kope zangu. Ya tatu nikaona weupe, nikaita mwalimu wa watu atoke aje aone mwezi, akachungulia, akasema, "Mama, huu ni ukuta wa jirani."

Chozi nao nimewajaribu mchana. Ukungu mtupu. Sikuona hata rangi.

Niambie, uliona nini juu ya hilo paa lako?

Dada yako


Tarehe 1 Aprili

Shikamoo Dada,

Pole sana. Mimi kwangu ilionyesha, labda iliteguka njiani, makuli wa mabasi hawana mkono mwepesi.

Lakini nimejifunza. Kuna mzee huleta saa yake kwangu, alikuwa mpima ardhi, maisha yake yote amechungulia vioo. Nilipomtajia mara mia tano alicheka mpaka akakaa. Amenieleza hivi: usiulize inakuza mara ngapi, uliza kioo cha mbele kina upana gani. Kioo ndicho mdomo wa darubini. Mdomo mdogo unakunywa mwanga kidogo, na ukikuza mwanga kidogo unapata giza kubwa. Halafu uliza miguu. Darubini nzuri juu ya miguu mibovu ni sawa na saa nzuri kwenye mkono wa mtu anayepiga ngoma.

Kwa hiyo hii ya pili si ya kwenye boksi la picha. Ni ya mkono wa pili, imetumika, lakini kioo cha mbele ni milimita sabini, kizima, hakina mkwaruzo wala ukungu. Nimekifungua na kukisafisha mwenyewe. Miguu ni ya chuma. Ina vioo viwili vya kuchungulia. Anza na kile kinachokuza kidogo, ukishakipata kitu ndipo ubadilishe. Zungusha kitasa polepole mpaka picha ikae. Na usije ukaielekeza kwenye jua, hata kwa utani.

Neno moja. Hii inageuza picha, juu inakuwa chini. Kwa mwezi na nyota haina neno, mwezi hauna kichwa wala miguu. Kwa ndege utavumilia.

Nimeijaribu jioni tatu mfululizo. Nimeona sayari ya Mshtarii na vimwezi vyake vinne vimejipanga kama vifungo vya shati. Nikatamani ungekuwepo, Dada.

Bwana Mishale


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Miguu haitetemeki. Hilo nakupa. Mengine yote sina la kukusifia.

Nimefuata maelekezo yako kama ninavyofuata ya daktari. Kioo kinachokuza kidogo kwanza. Kitasa polepole. Mwezi nimeupata mara ya kwanza tu, umekaa katikati, umetulia. Na unafanana na kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye maji. Umevimba, kingo zimelowa, na pembeni yake kuna mwezi mwingine hafifu umelala juu yake. Milima sijaona. Nimezungusha kitasa mpaka kidole kimeota sugu. Huyo Mshtarii wako wa vifungo ni doa la samli.

Chozi kichwa chini, sawa, nilijiandaa. Lakini chozi kichwa chini ndani ya moshi? Dume nakumbuka alikuwa na kifua cha kung'aa. Humu ni wa kahawia.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Sasa nakuuliza jambo. Uliandika tarehe kumi Machi kwamba jana yake jioni ulikaa na mwezi juu ya paa. Nimeangalia kalenda. Jioni ya tarehe tisa hakukuwa na mwezi. Ulikuwa umeisha, mpya ulionekana siku kadhaa baadaye. Ulitazama nini na chakula kikapoa?

Na kama ile hukuitazama, kwa nini niamini kwamba hii umeitazama jioni tatu?

Siku hizi kila kitu wanatengeneza ovyo. Hata balbu mpya niliyofunga barazani ina duara la moshi kuizunguka. Na mwalimu amekuwa na tabia ya kuhamisha kile kigoda changu, jana nimejigonga mara mbili.

Dada yako


Tarehe 28 Aprili

Dada,

Haya. Sikuitazama. Nilinunua boksi, nikalifunga, nikalipeleka stendi, nikarudi kazini. Nilitaka uipate haraka. Nilitaka useme "mdogo wangu hakuchelewa", maana hilo huwa husemi. Nikatunga paa na nikatunga mwezi. Nisamehe.

Lakini ya pili naapa. Ya pili niliitazama mpaka jicho likauma. Kile kioo nakijua kama ninavyojua meno yangu. Hakiwezi kutoa moshi! Nimekaa kibandani wiki nzima nimekasirika, nimemjibu vibaya mteja, nimevunja mshale wa saa ya watu, kwa sababu ya kioo ambacho ni kizima na dada yangu anasema ni kibovu.

Umeondoa kifuniko cha mbele chote? Kina sehemu mbili. Hutazami kupitia dirishani? Umeifuta kwa kitambaa chenye mafuta? Jibu moja moja, nakuomba, usijumlishe.

Ili tusibishane tena nimekutumia ya tatu. Hii ni ndogo, ya kushika mkononi, ya jicho moja, unaivaa shingoni. Imeandikwa nane kwa arobaini na mbili. Nane ni mara inazokuza, arobaini na mbili ni upana wa kioo. Haigeuzi picha. Chozi utawaona wima, na mwezi mkono ukitulia utauona pia. Mpima ardhi anasema ndiyo angempa mtu yeyote anayeanza.

Halafu uandike polepole. Mistari yako inapanda mlima, maneno mengine yamepandana. Najua umekasirika lakini nashindwa kusoma.

Bwana Mishale


Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Kifuniko nimeondoa chote. Sitazami dirishani. Sijaifuta na mafuta, nimeshika vyombo vya kuchemshwa kabla hujaanza shule.

Ya tatu nayo ni moshi.

Nimeiweka kwenye droo. Ile ya pili nimempa mwalimu aipeleke shuleni kwao, nimemwandikia na karatasi kwamba nimetoa kwa moyo mweupe, wanafunzi wajifunzie hata kufungua skrubu. Ya kwanza nimeizuilia mlango usijipigize.

Usinitumie kitu kingine. Nimekuomba jambo moja tangu uzaliwe, moja tu la kujifurahisha, na umelifanya kama unavyofanya kila kitu, kwa mzigo wa basi. Mama alipokuwa anaumwa ulituma mablanketi. Mablanketi mazuri. Njoo mwenyewe, au nyamaza.

Na usinisahihishie mwandiko.

Dada yako


Tarehe 19 Mei

Kwa Fundi,

Shikamoo. Hunifahamu. Mimi ni mwalimu, mpangaji wa dada yako vyumba vya uani, mwaka wa nne sasa. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha yako. Naomba radhi kwa hilo, na naomba usinitaje.

Ile darubini aliyotupa shule ni nzuri sana. Juzi niliisimamisha uwanjani mara giza lilipoingia. Mwezi ulikuwa nusu. Mashimo yake yanaonekana moja moja, mpaka vivuli ndani yake. Mwalimu mkuu, ambaye hashangai, alirudi kwenye foleni mara tatu. Nikaona Mshtarii na vitone vinne. Moshi hakuna hata kidogo.

Nikarudi nyumbani sina usingizi. Asubuhi nilimwomba mama anionyeshe ile ndogo ya kwenye droo, nikasema nataka kuwaona chozi. Niliwaona mpaka ulimi. Nikampa naye atazame. Akafunga jicho la kushoto, akaweka la kulia, akasema, "Takataka." Nikasema, "Jaribu la kushoto, mama." Akaniambia anajua macho yake yako wapi bila kufundishwa na mwalimu wa hesabu, akaingia ndani.

Fundi, chai anaimimina pembeni ya kikombe. Kigoda sijawahi kukihamisha. Na zahanati hakuacha kwa sababu ya mgongo. Kuna binti alijifungua pale Januari, mshono wake ukafumuka, na baada ya hapo mganga mkuu wa zahanati alimwambia mama asishone tena. Hapa mtaani watu wanalijua, ila hakuna anayelisema mbele yake. Yeye siku ile aliyoambiwa alirudi akausugua ukuta wa jiko mpaka jioni.

Mimi kumwambia siwezi. Nakula kwake Jumapili. Wewe ni damu yake.

Mwalimu


Tarehe 26 Mei

Shikamoo Dada,

Soma barua hii mpaka mwisho, hata ikibidi uitupe baadaye.

Mwalimu ameniandikia. Aliniomba nisimtaje, lakini nimeshakudanganya mara moja mwaka huu na tumeona ilipotufikisha. Darubini ya pili haina moshi. Ya tatu haina moshi. Simama mbele ya kalenda ya jikoni. Ziba jicho la kulia kwa kiganja, soma tarehe. Kisha ziba la kushoto, usome tarehe hizohizo. Basi. Sisemi neno jingine. Fanya hilo tu.

Mtu akitembea na macho yote mawili, zima linalibeba bovu, na hajui kama anabebwa. Mimi naliona kila siku, mafundi wanaobana kioo jicho lilelile miaka ishirini. Darubini inafunga moja na kuliacha jingine peke yake. Ndiyo maana zote tatu zimekuwa mbovu kwako.

Na nimesikia la zahanati. Sikuulizi. Ukitaka kuniambia utaniambia.

Mdogo wako


Tarehe 3 Juni

Kwa hiyo mnaandikiana.

Mpangaji nimempa notisi ya mwezi mmoja. Anwani za watu akatafute kwingine.

Macho yangu yameona vichwa vya watoto vikitoka wakati taa zimezimika na nimeshika tochi kwa meno. Usinifundishe kuziba jicho.


Tarehe 17 Juni

Dada,

Nimepiga simu mara kumi na moja. Wiki mbili hupokei. Mwalimu naye hajibu, nadhani unamwogopesha kwa macho, hata hilo moja.

Samahani, hilo halikuchekesha.

Nimefunga kibanda. Saa za watu nimemwachia muuza viatu funguo, azitoe tu, asizitengeneze. Nimekata tiketi ya tarehe mbili Julai, ndiyo nafasi ya kwanza niliyopata. Hakuna mzigo ninaoutuma. Nauleta mwili wangu. Ukinifungia mlango nitalala barazani, watu wapite waniulize mimi ni nani, nitawajibu.

Bwana Mishale


Tarehe 23 Juni

Mdogo wangu,

Usilale barazani, kuna mbu.

Nimefanya. Si siku ile uliyosema. Nilikaa wiki moja napita mbele ya ile kalenda kama deni... hapana, kama mtu niliyegombana naye. Halafu Jumatano asubuhi nikaziba la kulia, nikasoma tarehe zote, hadi maandishi madogo ya matangazo chini. Nikaziba la kushoto. Kalenda ikaondoka. Palikuwa na weupe, na ndani ya weupe kitu kama safu za mchwa. Nikaondoa kiganja, nikakirudisha. Nilifanya hivyo mara nyingi, kama mtoto anayecheza na swichi ya taa.

Nimekwenda hospitali kubwa. Daktari wa macho ni kijana, ananiita mama, nadhani kuna uwezekano nilimzalisha mimi. Ameniangazia taa yake, akasema, "Mama, una mtoto wa jicho." Nikamwambia, "Daktari, nimezalisha wa kila aina, huyu tu ndiye sikumsikia akija." Akacheka. Mimi sikucheka nilipofika nje. La kulia limekomaa, wanalipasua tarehe tano Julai. La kushoto linaanza, litasubiri. Wanatoa ule ukungu na kuingiza lenzi ndogo mahali pake. Nilimuuliza ukubwa, akanionyesha. Ungeipenda. Ni ndogo kuliko kioo cha saa ya kike.

Sasa la zahanati, kabla hujafika, kwa sababu nikikutazama usoni sitalisema.

Mgongo wangu ni mzima. Yule binti ni mke wa fundi baiskeli wa njia panda, mtoto wake wa kwanza. Alichanika. Nilikaa kumshona, na nyama na uzi vikawa rangi moja. Nilisogeza taa. Nikafumba, nikafumbua. Pale ndipo ilipaswa niite mwenzangu, alikuwa chumba cha pili anakunywa maji. Sikumwita. Nilishona kwa vidole, kwa mazoea, nikasema mikono yangu inajua njia. Siku ya tano ikafumuka. Alishonwa upya hospitali kubwa, na mwezi mzima hakuweza kukaa. Na aliponirudia akilia kuniuliza imekuwaje, nilimwambia ni kosa lake mwenyewe.

Kwa hiyo nilijua. Sikujua ni nini, lakini nilijua kuna kitu. Halafu nikakuagiza darubini. Nilidhani nikipata kioo kikubwa vya kutosha, shida itakuwa ilikuwa kioo.

Notisi ya mwalimu nimeifuta. Alikuwa hajafunga hata sufuria moja. Alinijua.

Njoo na shuka lako, langu moja limechanika.

Dada yako


Tarehe 11 Agosti

Mdogo wangu,

Ulifika salama, ujumbe niliupata tangu mwezi uliopita. Taulo yako umeisahau, nimeifanya kitambaa cha deki, usiiulizie. Zile siku kumi na mbili ulizokaa umenikaangia mayai kila asubuhi kana kwamba nimepasuliwa tumbo, na nilikuambia mara nyingi nimechoka mayai. Nyumba imekuwa kimya baada ya wewe kuondoka. Ni hilo tu nitasema.

Darubini ya pili ilikuwa nzuri. Nimeandika. Iko kwenye karatasi, itunze, sitaandika tena.

Nimethibitisha wiki iliyopita, daktari aliponiruhusu. Kwa kuwa nilishaitoa kwa moyo mweupe na nikaweka saini, imenibidi niende uwanja wa shule jioni na kupanga foleni nyuma ya wanafunzi wa kidato cha pili. Hakuna aliyenipisha. Mwalimu aliniona akageuza uso, najua alikuwa anacheka. Zamu yangu ilipofika nikabana la kushoto, nikaweka la kulia. Zohali kalikuwa kadogo, mdogo wangu. Kadogo kuliko nilivyofikiri, kama kipini cha puani, kamekaa ndani ya pete yake, pete imekaa sawasawa na haikagusi. Nilisahau watu. Binti mmoja nyuma yangu akasema, "Bibi, na sisi tunataka." Nikampisha. Nikarudi mwisho wa foleni.

Lakini hilo si la kuandikia barua nzima.

Juzi nilikwenda kwa yule mke wa fundi baiskeli. Nilikwenda mchana nikijua mumewe yuko kazini, hilo nalo nakiri. Alikuwa anapepeta mchele, mtoto mgongoni. Mtoto amenenepa. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono, akanikaribisha kiti kwa heshima ambayo ingekuwa nafuu angenitukana. Nilikataa kukaa.

"Nimekuja kukwambia jambo," nikasema. "Ule mshono. Siku ile sikuwa naona vizuri. Nilijua sioni vizuri, na nikashona."

Akamvuta mtoto juu kidogo mgongoni.

"Ulisema ni ndoo," akasema.

"Nilisema."

"Ulisema niliinua ndoo mapema. Mume wangu akasema ni ndoo. Mama mkwe mpaka leo nikiinua kitu chochote humu ndani ananiambia, si ulisikia alichosema nesi."

"Haikuwa ndoo."

"Kwa hiyo haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe hata kidogo."

Nilidhani atalia, au atanifukuza. Nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Hakufanya hata kimoja. Aligeukia uani akaita kwa sauti, "Mama! Mama, njoo usikie!" Mama mkwe akaja na mikono imejaa sabuni. "Mwambie," binti akaniambia. Nikaanza upya, mbele ya mwanamke wa rika langu ambaye hakunisaidia hata kwa kutikisa kichwa. Nilipomaliza alisema tu, "Haya," akarudi kwenye nguo zake. Hakumtazama mkwewe, lakini ile ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni aliibeba mwenyewe.

Nikachukua mkoba. Binti akasema, "Bado baba yake hajarudi."

Akanisogezea kiti kile kile. Safari hii nikakaa. Tulikaa saa mbili na nusu. Alimaliza mchele wake. Mtoto aliamka, nikamshika, akaninyakua miwani ya giza niliyopewa na daktari akaitia mdomoni. Saa kumi na mbili mume akaingia anasukuma baiskeli, akanisalimia, akashangaa.

Nikasema mara ya tatu. Binti alisimama pembeni mkono kiunoni, anasikiliza kila neno kama mtu anayesimamia fundi asimwibie kazi. Nilikuwa nimechoka, nikafika mahali nikataka kufupisha.

"Na ya ndoo," akasema. "Mwambie na ya ndoo."

Nikamwambia na ya ndoo.

Dada yako